Kompyuta ya Mabula Bado Inauliza

Shangazi Lukresia, shikamoo. Nakuandikia kuhusu kompyuta iliyozidi uzito, na kabla hujampelekea barua hii yule kijana wenu wa gazetini anayejibu mambo ya mitandao nakusihi uisome mpaka mwisho, maana nimeshawaeleza watu wa kutosha na kila mmoja amenipa jibu la nusu.

Mimi ni mjane wa hapa Buseresere, nina mtoto mmoja, Ritha, yuko darasa la sita. Sikusoma sana lakini nimejitengeneza mwenyewe, nilianza kwa kupika ugali na dagaa kule machimbo ya Mwakitolyo, meko yangu yakiwa pembeni kabisa mwa maduara, yale mashimo ya dhahabu, nikapata cherehani ya kwanza, leo ninazo sita na nashona sare za shule saba, na hesabu zote nazifanya kichwani, hajazaliwa mtu wa kunipunja hata nusu mita ya kitambaa. Nayasema haya ili ujue kwamba mimi si mtu wa kuona vitu ambavyo havipo.

Mume wangu Mabula alikuwa mchimbaji huko huko Mwakitolyo. Kompyuta aliinunua yeye Geita mjini, ya mezani, imetumika lakini nzima, akaiweka sebuleni, akafungua humo barua pepe yake, ile ile aliyokuwa nayo kwenye simu, ili alichoanza kukisoma machimboni aje akimalizie nyumbani. Mwaka jana, mwishoni mwa masika, matimba, zile nguzo za kuzuia udongo, yalikatika na duara likajifunga, na Mabula alikuwa chini peke yake kwa sababu wenzake walikuwa wameshapanda na kurudi makwao. Mdogo wake, Bujiku, ndiye aliyekuwa juu kwenye winchi ya kuwashusha na kuwapandisha siku hiyo, na ndiye aliyetuletea habari giza likishaingia, kwamba alisikia mshindo, vumbi likatoka kama moshi wa tanuru, kisha kimya, hakuna hata sauti moja. Watu walijaribu kufukua, udongo ukawa unashuka tu, wakaambiwa waache wasije wakafa wengine. Tulizika shati lake la kazi.

Simu yake haikuonekana. Bujiku alisema kaka yake alishuka nayo kwa kuwa alikuwa anasubiri kupigiwa, nami nilishangaa, maana wachimbaji wa pale hawashuki na simu hata ukiwalipa, wanasema inakimbiza dhahabu, zote zinaachwa juu kwenye ndoo ya mtu wa winchi, ndoo hizo nimeziona miaka yote niliyopika pale, lakini utamlaumu vipi mtu aliyekwisha kufa kwa kuvunja mwiko, nikanyamaza.

Sasa kompyuta. Siku hizi shule hazitaki uende na sampuli mkononi, wanataka uingie kwenye mfumo wa zabuni, ujaze, utume, na mimi kujaza najua. Lakini kile kivinjari cha kuingilia intaneti kimekuwa kizito mpaka unaweza kulia. Nabonyeza, nakwenda kuinjika chai, maji yanachemka, narudi, bado kile kialama kinazunguka tu pale katikati. Kikija kufunguka, mfumo umeshanitoa nje niingie upya. Nimekosa shule mbili kwa namna hiyo, na mtu aliyezipata anashona kola zinazokunjamana baada ya kufuliwa mara moja, lakini intaneti yake inakimbia.

Nikamwita fundi Herman kutoka Katoro. Akakaa, akacheka, akanionyesha kwamba juu ya kivinjari kuna vichupo arobaini na kitu, yaani kurasa zote ambazo Mabula alizifungua na hakuwahi kuzifunga, nami sikuthubutu kuzifunga, na kwamba kila moja inakula nguvu ya mashine kila ninapoiwasha. Akasema, "Mama Ritha, mashine hii haina mzimu, ina mzigo," akajichekea mwenyewe, akafungua historia anionyeshe huo mzigo ulivyolundikana. Basi pale pale kicheko kikamkatika. Akaniuliza ni nani mwingine anayeitumia. Nikamwambia ni mimi tu, Ritha haigusi nisipokuwepo. Akanisogezea kioo nisome mstari wa juu kabisa, wa wiki ile ile, na Mabula alikuwa ameshamaliza miezi zaidi ya tisa toka tumlilie. Uliandikwa: mtu akifukiwa na udongo anaishi muda gani.

Herman alifunga begi lake. Chai niliyomchemshia hakuinywa, na simu zangu hapokei mpaka leo.

Toka siku ile nimekuwa nafuatilia, Shangazi, na wala si mambo ya usiku, ni mchana kweupe, jua linapasua mabati, cherehani zinalia barazani, majirani wanagombana juu ya kuku, na mimi nimekaa mbele ya kioo naona kuna mstari mpya ambao sikuuandika. Juu ya yale aliyokuwa akiyauliza Mabula enzi zake, bei ya dhahabu, ugonjwa wa kuku, sherehe ya kipaimara inahitaji nini, yanaingia haya mengine. Sauti ya kugonga chini ya ardhi inasikika umbali gani. Mtu anagonga siku ngapi kabla ya kuchoka. Dawa ya kuacha kusikia kugonga. Siku moja nilitaka kuandika "mashati ya shule," nilipobonyeza herufi ya kwanza tu kivinjari chenyewe kikanimalizia, mtu anagonga, nikatoa mkono kama niliyeshika pasi.

Mama mkwe wangu, Serafina, nilimsomea mistari ile, akaweka viganja viwili juu ya mashine kama anayempima mtoto homa. Akasema mwanawe yuko hai kule chini, au kama si hai basi hajatulia, na ametafuta njia ya kusema nasi akaipata hiyo.

Bujiku naye yupo hapa hapa nyumbani. Baada ya msiba ndugu walisema akae kwenye chumba cha nyuma atulinde, na siwezi kumsema vibaya, ananikatia vitambaa, anasindikiza mizigo, hanywi, hana makuu, anatembea na kasimu kake ka kitochi, anachoniomba ni kumuunganishia bando la giga moja kila wiki na mimi namuunganishia kwa sababu ni shemeji. Tatizo lake ni moja, hapendi mlango ugongwe. Ukigongwa anatoka kwa nyuma na kurudi mgeni akishaondoka, mpaka wateja nimewazoesha waite kwa mdomo. Nilidhani ni ile hofu ya machimbo.

Nilipomwonyesha yale maneno kwenye kompyuta kikombe kilimponyoka. Kesho yake mchana ukaingia mstari mwingine, na huu ndio ulionifanya nikuandikie: marehemu anaweza kusikia unachofikiria.

Jioni ile Bujiku akanifuata jikoni, akaongea kwa upole kabisa, "Shemeji, kitu cha marehemu kikikaa sana kinaanza kuita watu. Kifutwe chote, ibaki kama imetoka dukani." Ameshampata fundi wa kutoka Chato, anakuja Jumamosi asubuhi, siku hiyo hiyo tunayomaliza matanga na kugawa nguo za Mabula. Mama mkwe anasema kama nitaruhusu nisimwite mama tena. Maneno yake ni haya: "Mwanangu anagonga, na nyinyi mnataka kumzibia mlango."

Sasa Shangazi, nimekwama. Nikifuta, mashine itapata kasi, nitawahi zabuni za mwaka mpya, na mtoto wangu atasoma. Lakini kama ni Mabula? Mimi ni mtu wa hesabu na hesabu hii imenikataa. Sitaki niwe mke aliyefuta sauti ya mumewe ili ashone sare. Nifute, au nisifute?

Mama Ritha, Buseresere

SHANGAZI LUKRESIA ANAJIBU

Marahaba, Mama Ritha. Pole, tena pole sana, maana mwaka mzima umekaa na msiba usio na mwili. Jibu hili nilikutumia kwa simu siku ile ile niliyopata barua yako, na gazetini linatoka sasa kwa ruhusa yako, majina na mahali tukiwa tumeyabadilisha.

Usifute. Lakini sababu yangu siyo ya mama mkwe wako.

Nianze na ulichouliza. Kompyuta ni nzito kwa sababu umeigeuza kabati la marehemu. Vichupo arobaini vinafunguka kwa pamoja kila ukiiwasha, itaachaje kuhema? Piga picha ya kioo kwa simu yako ili uwe na kumbukumbu ya kila ukurasa, kisha vifunge vyote, ubaki na kimoja. Ingia kwenye viendelezi, yaani vile vijiprogramu vilivyojibandika kwenye kivinjari, ondoa usivyovijua. Kiruhusu kivinjari kijisasishe, nina hakika hakijasasishwa toka Mabula aguse kipanya mara ya mwisho. Halafu nenda kwenye kufuta data, na hapo fungua macho: utaona visanduku kadhaa vya kuweka alama. Weka alama kwenye picha na faili zilizoakibishwa peke yake, hizo ni takataka. Kisanduku cha historia ya kuvinjari usikiguse, wala cha manenosiri. Zima, washa. Itakwenda. Ikibaki na uvivu, aiongezee kumbukumbu fundi yeyote ambaye si yule wa Jumamosi.

Sasa tuje kwenye kilichokufanya uandike kurasa nne.

Mama Ritha, unasema hajazaliwa wa kukupunja nusu mita. Basi nieleze, simu ya kitochi inakula giga moja kwa wiki ya kufanyia nini?

Kaa chini kwanza.

Umeniandikia wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba Mabula alifungua kwenye kompyuta barua pepe ile ile ya simuni, ili anachosoma kule akikute huku. Hakukosea, ndivyo vinavyofanya kazi. Kinachoandikwa kwenye ile simu kinaingia kwenye historia ya kompyuta yako, kila siku, mradi simu ina chaji na ina bando. Marehemu hana chaji. Marehemu haombi bando. Na wewe uliyepika kando ya maduara yale miaka yote unajua kwamba kule chini mtandao haushiki, sasa Mabula alishuka na simu asubiri kupigiwa na nani? Ulishangaa, ukanyamaza kwa heshima ya msiba. Heshima hiyo imekugharimu mwaka. Simu zinaachwa kwenye ndoo. Ndoo inakaa na mtu wa winchi.

Bujiku aliwaambia kwamba baada ya mshindo hakukuwa na hata sauti moja. Anayeandika kwenye simu hiyo aliisikia sauti. Anauliza ingeweza kudumu muda gani. Anatafuta dawa ya kuacha kuisikia. Mtu wa namna hiyo, kama angekuwa anaishi nyumbani kwako, unadhani angefanya nini mlango ukigongwa?

Sisemi ameua. Matimba hukatika yenyewe, na mtu aliyeachwa peke yake juu ya shimo linaloporomoka anaweza kukimbia kwa woga, kisha akaona aibu kurudi, kisha akachelewa. Hayo yatasemwa na yeye mbele ya wanaostahili kuyasikia. Ninachokuambia ni kwamba yeye naye haelewi mashine inavyofanya. Ameyaandika kwa siri, akaja kuyakuta yamekaa kwenye kioo sebuleni kwa mjane, na ameamini anachoamini Serafina, kwamba kaka yake anaandika. Ndiyo maana kesho yake aliuliza kama marehemu anasikia anachofikiria. Ndani ya nyumba hiyo, Mama Ritha, anayeogopa kuliko wote si wewe. Na mtu mwenye hofu kiasi hicho usimbane jikoni mkiwa wawili. Umenisikia? Kisu chako cha ulimi ukikunje mpaka Jumamosi.

Fanya hivi. Ritha alale kwa bibi yake kuanzia leo. Mwambie Bujiku umekubali kompyuta ifutwe, fundi aje, ili atulie. Piga picha mistari yote ya historia, kila tarehe na saa yake. Tafuta lile boksi la simu ya Mabula, najua hukulitupa, wewe si mtu wa kutupa boksi, ubavuni kuna namba ya kifaa. Chukua boksi, chukua picha, nenda polisi ukiwa na mzee mmoja wa ukoo anayeheshimika, ueleze kuanzia mwanzo, na usikubali kurudishwa kwa neno la "hayo ni mambo ya kifamilia." Wakikuzungusha nipigie, nitaongea nao mimi.

Serafina mweleze kabla, taratibu, umshike mikono. Utamwondolea mwana aliye hai chini ya ardhi na kumpa mwingine wa kumwonea uchungu. Yeye ni mama wa wote wawili, usilisahau hilo hata dakika moja.

La mwisho. Kwenye barua pepe ile ile kuna sehemu ya kutafuta kifaa kilichopotea. Ikikuomba nenosiri, kivinjari kimelihifadhi, ndiyo maana nimekukataza kukigusa kile kisanduku. Utaona jina la simu, na chini yake utaona kitufe cha kuiagiza ilie. Inalia hata kama imezimwa sauti, inalia kwa nguvu, mpaka mtu aizime. Usikibonyeze ukiwa peke yako. Subiri Jumamosi, watu wamekaa mkekani, nguo za Mabula ziko katikati, askari wamekaa kama wageni wengine. Wewe nenda sebuleni kama unayekwenda kumfungulia fundi mashine. Bonyeza. Usitazame kioo. Sikiliza.

*

Wasomaji wangu, Mama Ritha ameniandikia ujumbe mfupi, nami nauweka hapa kama ulivyo.

"Shangazi, ililia. Chumba cha nyuma, ndani ya gunia la vipande vya vitambaa. Hakukimbia, alikaa chini akaziba masikio, akasema, nilimsikia mpaka jua likazama. Serafina ndiye aliyekwenda kumshika. Wameanza kulifukua duara kwa mashine, na tumepeleka sanda. Kompyuta nimefanya ulivyosema, sasa inafunguka kabla sijatoa kidole. Nimeandika herufi ya kwanza ya mashati, ikanimalizia mashati. Wabheja, asante sana."